"Si Ujerumani chuo ni bure?" Leo nawajibu

Habari zenu jamani. Nimetoka kazini, ila leo lazima nijibu hili swali maana limezidi. Hata ile video niliyopika pilau, mtu kaandika: "Dada, si Ujerumani chuo ni bure? Mbona kila siku hela, hela?" Chini yake mwingine: "Anajisifu huyo." Sijaja kujisifu, na sijaja kulia. Nataka mjue hesabu kabla hamjauza kitu.

Ni kweli, vyuo vingi vya umma hapa havitozi ada. Ila jimbo la Baden-Württemberg, tangu 2017, linatutoza tunaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Nalitaja kwa sababu chuo cha Schwäbisch Gmünd, kinachofundisha fani kama yangu, usanifu wa namna watu wanavyotumia mitambo na programu, kiko jimbo hilo. Potsdam, jirani na Berlin, wana digrii kamili ya usanifu wa violesura, yaani kupanga menyu na vitufe unavyoviona kwenye simu au kompyuta, na ada hiyo ya jimbo hawana. Mimi sisomi huko kote, msinitafute.

Kinachokukaba ni akaunti ya kufungia pesa, Wajerumani wanaiita Sperrkonto. Kabla ya viza unaweka hela ya mwaka mzima. Mimi nilipokuja 2023 ilikuwa euro 11,208, kama shilingi milioni 30. Septemba 2024 wakapandisha, ikawa 11,904. Hela ni yako, lakini unaachiwa 992 tu kwa mwezi, na humo humo kuna chumba, chakula na bima ya afya ambayo peke yake inapita euro 120.

Zile milioni 30 baba mdogo aliuza kiwanja. Mpaka leo, kwenye kundi la ukoo, shangazi yangu anasema nimekula kiwanja nikakimbia. Shangazi, kama unaniona: kila senti ya pale ilikuwa imeandikiwa mwezi wake, na kiwanja nitakirudisha. Hili limeniumiza kuliko baridi.

Halafu kibali cha kuishi hapa. Kinaisha, unaomba kipya, unatakiwa kuonyesha hela tena. Mimi ofisi ilikaa na faili langu miezi mitano. Kibali kikaisha nikiwa kazini, mwajiri akanisimamisha mpaka nilete karatasi ya muda ya kushikilia wakati kibali kipya kinasubiriwa, na hiyo karatasi nimeiandikia barua pepe nne ndiyo ikaja. Wiki sita bila mshahara. Sheria inaruhusu mwanafunzi siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, sasa wiki sita zimekwenda, utazifidia wapi?

Swali la pili: "Miaka yote hiyo unasomea kuchora vitufe?" Hili nalijibu kwa moyo mmoja.

Muhula wa kwanza mwalimu alisema kila mtu alete kiolesura kinachotumika kwao. Wenzangu walileta programu za simu janja zenye rangi nzuri. Mimi nilileta menyu ya pesa ya kitochi, ile ya nyota na reli. Nikawaeleza mama yangu anavyoitumia. Ukurasa mmoja wa ile menyu hauzidi herufi 182, kwa hiyo orodha inakatwa, ya chini inahamia ukurasa wa pili. Mama anasoma polepole. Akifika mstari wa nne muda umekwisha, menyu imefungwa, anaanza upya. Mwisho anampa simu kijana wa duka, na namba ya siri anamtajia kwa mdomo, ili atume hela na ya kutolea. Mama si mjinga, ameendesha genge miaka ishirini na hesabu anapiga kichwani. Aliyepanga ile orodha hakumfikiria.

Darasa lilikaa kimya. Tangu siku hiyo kazi zangu nyingi ni hiyo menyu: lipi likae namba 1, neno gani fupi ambalo mama halikosei. Nimerekodi watu saba nyumbani wakijaribu, dada yangu ndiye aliyenishikia simu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kukaa na mtu umtazame anapokwama.

Kwa hiyo mnaoandaa potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zenu, ya kuombea chuo, mimi nilivyoona, msijaze kurasa za kuiga programu maarufu. Onyesheni mlivyofikiri, hata michoro ya kalamu kwenye daftari, hata mliyoikosea mkairekebisha. Mimi ilinisaidia. Kwako inaweza kuwa vingine, vyuo vinatofautiana na vyeti vya kila mtu vinatofautiana, usije ukaniambia nilikudanganya.

Mwenye ndugu anayemlipia asome Dar es Salaam, asimdharau huyo ndugu kwa sababu ya video yangu.

Wiki ijayo nawafungulia daftari langu, ukurasa kwa ukurasa. Mama, nikimaliza hapa nakupigia, usilale.