Inuka, Ule: Tumaini la Mkristo Katika Dhiki za Kila Siku

DADA: Karibuni wasikilizaji wetu, popote mlipo. Tunawasalimu kutoka Malindi. Bwana asifiwe, Mwalimu.

MWALIMU: Amina, dada yangu. Asifiwe sana.

DADA: Mada ya leo tumeletewa na ninyi wenyewe mnaotusikiliza. Upepo wa kusi umeingia, bahari imechafuka, wenye vyombo vidogo hawatoki kuvua, na hoteli nyingi za ufuoni zimewarudisha wafanyakazi nyumbani bila mshahara mpaka wageni watakaporejea. Karo ya shule, lakini, haingojei msimu. Mtu anauliza: nitamtumainije Mungu ilhali nimeomba tangu mwaka jana na hali inazidi kuwa ngumu?

MWALIMU: Kabla ya kujibu, liko jambo ambalo sisi wa Malindi hatuna haki ya kulipita. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, hapa kwetu kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wadogo, na walionusurika walieleza kwamba walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Tangu siku hizo, kila ninaposimama kufundisha juu ya mateso na tumaini, hujiuliza kama maneno yangu yatamsaidia aliyechoka aendelee kuishi, au yatamfanya ayachukie maisha aliyopewa.

DADA: Maana mahubiri ya namna ile humnasa upesi mtu aliyekwisha kuchoka.

MWALIMU: Ndiyo. Kwa hiyo nawaomba wasikilizaji wafungue Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya, nabii mkubwa, anamkimbia Malkia Yezebeli aliyeapa kumwua, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Anasema, “Yatosha.” Tazama sasa Mungu anavyomjibu. Hamkemei kwa kukosa imani, wala hamsifu kwa kutamani mbingu. Anamwacha alale. Kisha malaika anamgusa na kumwambia, “Inuka, ule,” na kichwani pake upo mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena, na malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile, akimwambia kwamba safari ni kubwa mno kwake.

DADA: Nimelisoma fungu hilo tangu utotoni, lakini baada ya Shakahola nililisoma nikalia. Mtu anaomba kufa, na Mungu anampelekea mkate.

MWALIMU: Na sauti ndogo ya utulivu, ambayo wahubiri tunaipenda sana, inakuja baadaye, Eliya akiwa amekwisha kula na kupumzika. Mpangilio huo una maana kubwa kwangu.

DADA: Niruhusu nitoe mfano wa mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye sitamtaja. Anauza mahamri na mbaazi asubuhi, na mume wake alisimamishwa kazi hotelini. Bei ya mafuta ya kupikia ilipopanda, akaacha kuuza, kisha akaacha kuja jumuiya, kwa sababu aliona haya kukaa mikono mitupu sadaka inapopitishwa. Akina mama wawili walimfuata nyumbani, wakamkuta ameketi kando ya karai lililokauka, mabaki ya unga yameganda ukingoni. Hawakumhubiria. Mmoja alichukua steelwuli akalisugua lile karai, mwingine akaenda dukani akarudi na unga, sukari na chupa ya mafuta. Kesho yake, alfajiri, waliumua na kukaanga pamoja naye.

MWALIMU: Je, mume alipata kazi?

DADA: Hajapata hadi leo. Naona ni muhimu kulisema hilo, kwa kuwa tumezoea ushuhuda ambao mwisho wake ni lazima uwe muujiza.

MWALIMU: Nashukuru umelisema. Biblia yenyewe haituharakishi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza, “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?” Zaburi ya 88 inakwisha gizani, bila neno la faraja katika mstari wa mwisho, na bado ni sala iliyotunzwa na watu wa Mungu kwa karne nyingi. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye, na mimi naihesabu hiyo kuwa imani. Paulo anaposema katika Warumi sura ya 5 kwamba dhiki huleta saburi, na saburi uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo tumaini, anawaeleza ndugu wanaobebana njia nzima. Hampi mtu ruhusa ya kumwambia mwenye njaa kwamba njaa yake ni darasa.

DADA: Msikilizaji mwingine, Mwalimu, anasema kiongozi wake wa maombi alimwonya kwamba kunywa dawa za shinikizo la damu ni kumtilia Mungu shaka. Naona jambo hili ni la hatari.

MWALIMU: Ni la hatari sana, nami namsihi asiache dawa zake, na akiwa amekwisha kuziacha, arudi hospitalini leo. Luka aliyesafiri na Paulo anaitwa katika Wakolosai tabibu mpendwa. Timotheo alikuwa na tumbo la kumsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo akamshauri atumie mvinyo kidogo. Na katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, karibu na mwisho, Paulo anaandika kwamba Trofimo alimwacha Mileto, hawezi, yaani mgonjwa. Mtume ambaye leso zake ziliponya wagonjwa kule Efeso alimwacha rafiki yake kitandani akaendelea na safari. Hasemi kwamba Trofimo alikuwa na dhambi iliyofichika, wala kwamba hakuomba vya kutosha. Anamtaja kwa jina miongoni mwa ndugu, akiwa mgonjwa vilevile.