Zamu

Mhadhara uliotolewa kwa wanaharakati wa mitaa katika ukumbi wa kanisa, Manyatta, Kisumu

Asanteni. Kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie haki ya kuandamana. Kifungu cha 37 cha Katiba mnakijua kwa kichwa: kukusanyika, kuandamana, kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Mnajua notisi inafika kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 kabla, wala si zaidi ya 14. Sitarudia. Nina neno moja, nalisema kila nikipewa maikrofoni, na leo nalisema tena kwa sababu bado halijasikika: watu wetu wanatuishia kwa kuchoka.

Juni 2024 mlikuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi. Tarehe 25 damu ilimwagika, tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Haya, wale tuliokuwa nao siku hizo, wangapi wamo humu ndani? Tazameni kushoto na kulia. Wapo walioona mwenzao akianguka, wakarudi nyumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewabishia hodi kuwauliza kama wanalala usiku. Tuliwatumia ujumbe wa mkutano unaofuata. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa niwaambie habari ya mtaro. Wengine mmeisikia, mtanivumilia.

Mtaa wetu hapa Manyatta ulikuwa unajaa maji kila masika. Maji yakipanda, vyoo vya shimo vinafurika, na uchafu unaingia jikoni. Tukaanza kudai mtaro. Barua nikaandika mimi. Kupeleka, mimi. Kuitisha majirani, mimi. Nilikuwa na faili la plastiki la buluu, nalifunga kwa mfuko wa nailoni lisilowe, nalala nalo chini ya godoro. Humo mlikuwa na nakala za barua zote zenye muhuri wa kupokelewa. Miaka minne! Ofisi moja ilinipeleka dirisha hili, dirisha lile, mpaka askari wa lango akawa ananiita shangazi.

Basi Jumapili moja niko sokoni Kibuye, nauza mitumba. Mteja ananiuliza bei ya rinda, mtu ninayemuuzia kila wiki. Nikamfokea mbele ya watu. Rinda lenyewe nilikuwa nimelishika mkononi na sijui bei yake. Jioni nimefika nyumbani, binti yangu wa miaka kumi amepika ugali mwenyewe, omena zimeungua kidogo upande mmoja. Akanipakulia. Akaniuliza, hana hasira wala nini: "Mama, leo ni zamu ya mtaro ama ni zamu yetu?"

Sikuweza kumjibu. Wiki hiyo nikaugua, nikalala siku kumi na moja. Katika siku hizo kamati ikaketi, na ombi letu lilikuwa kwenye orodha yake. Hakuna aliyekwenda, maana tarehe nilikuwa naijua peke yangu na faili lilikuwa chini ya godoro langu. Watu walinipa pole, wakasema nimejitolea mno. Mimi nasema nilikosea. Kazi ya watu mia mbili nilikuwa nimeifungia chumbani kwangu.

Neno la yule mtoto ndilo lililotuokoa. Zamu. Kina mama humu ndani mnajua chama cha kupokezana pesa kinavyokwenda: kila mtu ana mwezi wake, na mwezi usio wako huulizi pesa. Tukajipanga watu 12, makundi manne ya watatu. Kundi moja linafanya kazi mwezi mmoja: mmoja anaandika, mmoja anakwenda ofisini, mmoja anapita nyumba kwa nyumba. Mwisho wa mwezi daftari na faili vinakabidhiwa mbele ya watu wote, kila ukurasa unasomwa kwa sauti. Halafu miezi mitatu unapumzika. Na aliyepumzika hapigiwi simu! Hata kama ndiye anayemjua karani. Mpelekeni mtu mpya kwa karani, wajuane.

Najua kuna kijana hapa anasema moyoni, mama huyu anataka kutupoza, moto ukipangiwa zamu utazimika. Mwanangu, jiko la mama yako linawaka kila siku kwa sababu kuna anayeongeza makaa kidogo kidogo. Ukimwaga gunia zima asubuhi, jioni utapika na nini? Angalia kina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walipodai wana wao waachiliwe mwaka 1992. Walianza Uhuru Park, Nairobi, Februari, polisi wakawapiga na kuwatawanya siku chache baadaye. Wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa karibu mwaka mzima. Walikuwa na pa kulala, walikuwa na wa kuimba naye usiku. Wanawake watu wazima, wengine bibi kabisa, na walidumu.

Jambo la pili, haraka, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Tunachoka pia kwa sababu tunapiga kelele wakati mlango umeshafungwa. Pesa za kaunti zina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Ukiandamana Julai kudai mtaro, unadai chakula sufuria imeshaoshwa. Hizo tarehe ziandikeni ukutani, na makundi yapangwe kuzifuata. Miezi ya katikati, laleni, limeni, oeni.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ukiomba taarifa ofisini, wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ombeni kwa maandishi, wekeni nakala, msikae langoni kutwa nzima. Siku 21 hizo nenda ukauze mitumba yako.

Habari ya nauli, na ya wanasiasa wanaokuja na bahasha, ningependa kuizungumza lakini muda hauko. Niseme hili tu: mtu aliyechoka na mwenye njaa ndiye wanayemwendea kwanza.

Mtauliza mtaro uliishia wapi. Umejengwa kwa mawe mpaka kwenye mashine ya kusaga unga. Kuanzia hapo kwenda chini bado ni udongo, na masika iliyopita maji yaliingia nyumba sita. Kwa hiyo kazi ipo. Mwezi huu mimi ninapumzika, nimekuja hapa kama mgeni wenu tu, na kesho nampeleka binti yangu ufukweni Dunga akale samaki.

Daftari ni hili hapa mezani. Kundi la mwezi ujao lina majina mawili, la tatu bado. Atakayekwenda ofisini hajapatikana. Kalamu iko ndani, ukurasa nimeukunja.