Akiba Iliyo Mifupani: Chakula, Madini na Afya ya Mifugo

Ndugu wafugaji na wataalamu wenzangu,

Naomba tuanzie bandani, usiku wa kwanza baada ya ng'ombe mwenye maziwa mengi kuzaa. Jioni alikula vizuri. Usiku wa manane tunamkuta amelala, shingo imepinda hadi kichwa kimeegemea ubavuni, masikio ni ya baridi, pua imekauka, na kila akijaribu kuinuka miguu ya nyuma haimtii. Ugonjwa huu tunauita homa ya maziwa, jina linalopotosha, kwa maana ukimpima mara nyingi utakuta joto la mwili limeshuka. Kilichomwangusha ni kalsiamu ya damu, ambayo imeingia katika maziwa kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kuirudisha. Damu yote ya ng'ombe mkubwa ina gramu chache tu za madini hayo, ilhali lita 10 za dang'a peke yake huondoka na gramu 20 au zaidi, na msuli unaokosa kalsiamu haukazi.

Anakosaje kalsiamu mnyama mwenye mifupa mizito kiasi kile? Asilimia 99 hivi ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Akiba ipo, ila hufunguliwa na homoni, na homoni hizo huhitaji siku kadhaa kabla ya kufanya kazi kwa nguvu zote. Ndiyo maana mfugaji anayemlisha ng'ombe kalsiamu nyingi katika wiki za mwisho za mimba, kwa nia njema kabisa, huenda anamwandalia kuanguka: mwili uliozoea kupata kila kitu kutokana na chakula umeacha kuchota mifupani, na siku ya kuzaa unakutwa haujajiandaa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona wafugaji wengi wakijilaumu kwamba walimnyima mnyama, kumbe walimzidishia.

Kuku anayetaga huishi katika hali hiyo karibu kila siku. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu, na sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku, wakati kuku hali chochote. Kwa hiyo hukopa mifupani. Chokaa ya punje kubwa humsaidia kuliko ya unga, kwa kuwa hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Lakini chakula hicho hicho cha kuku wa mayai, akipewa kifaranga mfululizo, huharibu figo zake, kwani kalsiamu inayomtosha mama ni mara kadhaa ya ile anayoihitaji mtoto.

Fosforasi nayo haiwezi kutazamwa peke yake. Kwa wanyama wengi wanaokua, uwiano unaofaa ni sehemu 1 hadi 2 za kalsiamu kwa sehemu 1 ya fosforasi. Pumba za nafaka zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na farasi anayeshibishwa pumba kwa miezi mingi huanza kuvimba mifupa ya uso, kwa sababu mwili unaing'oa kalsiamu humo ili damu isipungukiwe. Kinyume chake, ng'ombe anayekosa fosforasi malishoni hutafuna mifupa ya mizoga. Mifupa hiyo inaweza kuwa na sumu ya botulizimu, inayotengenezwa na bakteria wa mizoga, na mnyama akifa tunaandika kwamba ameuawa na sumu, wala hatuandiki njaa ya madini iliyompeleka kwenye mzoga.

Madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo hudai umakini uleule. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na miligramu 50 hivi za chuma, huhitaji 7 kwa siku, na maziwa ya mama humpa 1 tu. Anayefugwa kwenye sakafu ya saruji bila kudungwa sindano ya chuma hupauka kabla hajatimiza wiki tatu.

Shaba ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Molibdenamu na salfa, madini mengine yaliyomo katika malisho, huishika tumboni, hivyo ng'ombe anaweza kula shaba ya kutosha na bado akapungukiwa, manyoya meusi yakageuka rangi ya kutu, hasa kuzunguka macho. Kondoo ana tatizo la upande wa pili: ini lake hulimbikiza shaba kwa miezi bila dalili yoyote, kisha safari ndefu au siku chache za njaa huimwaga katika damu, chembe nyekundu zikapasuka, macho yakawa manjano na mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Kufikia hapo wengi hawaokoki. Jiwe la chumvi lililotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, lenye shaba ndani yake, lisiwekwe hata siku moja mahali ambapo kondoo anaweza kulilamba.