Kwotabeki anasajiliwa kwa bei gani? Fedha za matangazo katika futiboli ya vyuo Marekani

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu, karibuni tena. Leo tunaongea fedha za futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa umbo la yai. Timu ya chuo cha Michigan pekee ina uwanja unaobeba zaidi ya watu 107,000, na kwa miaka na miaka kijana aliyekuwa akiujaza uwanja huo alipewa ada, chumba na chakula, basi.

Mlango ulifunguka tarehe 1 Julai 2021. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliruhusu wachezaji kulipwa kwa matumizi ya jina, picha na taswira zao. Hapa wanaita NIL. Siku kumi kabla ya hapo Mahakama ya Juu ilikuwa imekiangusha chama hicho kwa kura 9 kwa 0 katika kesi ya Alston. Kesi yenyewe ilihusu mafao ya kimasomo tu, lakini baada ya kipigo kile NCAA haikuwa tena na ubavu wa kuzuia matangazo.

Kwenye karatasi NIL ni tangazo la kawaida. Muuza magari anampa kijana gari, kijana anapiga nalo picha na kuiposti. Kwenye usajili ikageuka kitu kingine kabisa. Matajiri waliosoma chuo fulani wakaanza kuchangishana fedha na kuunda vikundi vinavyoitwa kolektivu, kazi yake ikiwa kuhakikisha kijana mwenye kipaji anapata "matangazo" akichagua chuo chao. Sheria ilikataza kumvuta mchezaji kwa ahadi hizo, lakini Februari 2024 jaji wa Tennessee akaizuia NCAA isiitekeleze, na mazungumzo ya bei yakawa ya wazi.

Tazama jinsi fedha inavyomhamisha mtu. Quinn Ewers, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) kutoka jimbo la Texas, aliacha mwaka wake wa mwisho wa sekondari mwaka 2021 akaenda chuo cha Ohio State, kwa sababu jimbo la Texas halikuruhusu wanafunzi wa sekondari kuingia dili hizi. Bryce Underwood, kwotabeki mwingine wa sekondari, alikuwa ameahidi kwenda LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, na Novemba 2024 akageukia Michigan kwa dili iliyoripotiwa kupita dola milioni 10.

Tangu Julai 2025 chuo chenyewe nacho kinalipa. Makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, yanakiruhusu kugawia wachezaji hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, kwa michezo yote, na katika vyuo vikubwa fungu nono linakwenda futiboli. Dili za nje hazihesabiwi ndani ya kikomo hicho, ila kila moja inayofika dola 600 lazima ipelekwe kwenye mfumo wa NIL Go, ikaguliwe kama kuna biashara ya kweli na kama bei inaendana na soko. Kwa hiyo chuo chenye wafanyabiashara walio tayari kulipa bado kinamzidi jirani yake.

Wanaoumia hapa ni vijana wa sekondari wa daraja la kati. Tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama chuo kila mwaka bila kukaa benchi la adhabu, mradi masomo yake yako sawa. Kocha mwenye fedha anaona heri amchukue mtu wa miaka 21 aliyekwisha kuthibitisha uwezo. Tena vyuo vilivyoingia makubaliano haya vina kikomo cha wachezaji 105 kikosini, na waliokuwa wakijitolea bila skolashipu wamepungukiwa nafasi.

Kulipwa ni haki yao, nalisema bila kusita. Balaa liko kwenye mkataba. Jaden Rashada, kwotabeki naye, aliahidiwa takriban dola milioni 13.85 akienda chuo cha Florida. Desemba 2022, malipo ya kwanza yalipofika wakati wake, kolektivu ikavunja mkataba, maana kifungu kiliiruhusu kufanya hivyo kwa hiari yake. Januari akaomba aachiwe, akaenda Arizona State, na mwaka 2024 akafungua kesi. Tafuteni kifungu hicho kabla ya kuangalia tarakimu: nani anaweza kuvunja, kwa notisi ya siku ngapi, na kijana akihama anarudisha kiasi gani.

Gervon Dexter naye, akiwa Florida mwaka 2022, alichukua dola 436,485 kutoka kampuni moja. Upande wa pili wa karatasi: asilimia 15 ya mapato yake ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, kabla ya kodi, kwa miaka 25. Mwaka uliofuata alikwenda mahakamani kutaka mkataba huo ufutwe.

Mawakala wa NIL wengine wanachukua hadi asilimia 20, wakati wakala wa NFL hapaswi kuzidi asilimia 3 ya mkataba wa mchezaji. Halafu kodi. Katika dili za nje kijana huhesabiwa kama aliyejiajiri, hakuna anayemkata kodi, anailipa mwenyewe: asilimia 15.3 ya kujiajiri, juu yake kodi ya mapato, ilipwe kwa awamu nne Aprili, Juni, Septemba na Januari. Hata lile gari la bure ni mapato. Kwenye kila dola 100 tengeni 30 au 35 siku hiyo hiyo.

Sasa ninyi wenye watoto wanaokuja huku kwa skolashipu, iwe ya riadha, kikapu au futiboli. Viza ya F-1 ni ya kusoma, na tangazo la kulipwa lililofanywa ndani ya Marekani linaweza kuhesabiwa kazi bila kibali, mtoto akapoteza viza. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi aliyetamba katika kikapu Kentucky, alizifanya kazi zake za matangazo Bahamas, timu ilipokwenda huko Agosti 2022. Kabla mtoto hajasaini chochote aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo, na jibu walitoe kwa maandishi.