Mbwa Wangapi Wanatosha? Mazungumzo na Wakulima wa Masasi kuhusu Msako wa Nguruwe Pori

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wangu, mama zangu, na vijana mliotoka shambani mkaja moja kwa moja hapa chini ya mwembe, nawashukuru kwa kunipokea. Karanga zikianza kukomaa, habari huku kwetu huwa ni ile ile: nguruwe wameingia usiku, wamefukua mihogo, na asubuhi mwenye shamba anaokota maganda. Kila tunapokaa kupanga msako, hakosi kijana wa kusimama na kusema tukusanye mbwa wote wa kijiji. Nimekuja kumpinga kijana huyo, kwa heshima zote.

La sheria nilimalize upesi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayewinda, na kutumia mbwa si jambo la kijiji kujiamulia. Kwanza mtu aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mbwa watafuata.

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe. Nguruwe pori hula usiku na mchana hujilaza kwenye vichaka vizito, hasa makorongoni, akiwa na kundi lake la dume, majike na watoto. Dume aliyekomaa huweza kufika kilo 100. Meno yake si marefu ya kutisha kwa macho, lakini yale ya chini husuguana na ya juu kila anapofunga kinywa, kwa hiyo yananolewa siku zote kama kisu cha mchinjaji. Mnyama huyu hakimbii mpaka achoke. Hukimbia mpaka apate mahali pa kuegemeza mgongo, kwenye kichuguu au shina lenye miba, kisha hugeuka. Hapo ndipo hesabu ya mbwa inapoanza.

Akikutana na mbwa mmoja hasimami, bali humfukuza. Mbwa naye hukimbilia kwa bwana wake, na bwana hushtukia ameletewa nguruwe miguuni. Wakiwa wawili, humtisha huyu akapenya upande wa yule. Wakiwa watatu au wanne wanaojua kazi, kila anapomkabili mmoja, mwingine humbwekea ubavuni, naye hubaki akizunguka pale pale mpaka watu wafike. Wakizidi watano katika kichaka, wa nyuma huwasukuma wa mbele, na mbwa wa mbele hukosa njia ya kurudi nyuma. Mbwa wengi wanaopasuliwa hawapasuliwi kwa uoga wala kwa ujasiri. Wanapasuliwa kwa kukosa nafasi.

Marehemu baba yangu alikuwa na mbwa wanne, na kwa desturi ya wazee majina yao yalikuwa ujumbe kwa majirani: Tutaona, Hayakuhusu, Msiseme na Pole. Tutaona alikuwa na pua, na hakutoa sauti mpaka amwone mnyama kwa macho. Hayakuhusu na Msiseme walikuwa wabwekaji. Pole, licha ya jina lake, ndiye aliyethubutu kuuma, tena mguu wa nyuma tu. Msimu mmoja baba alikubali kuchanganya mbwa wake na wa majirani, wakawa 14. Walimkuta dume kwenye korongo, na nilichokiona nikiwa mtoto juu ya mkorosho kilikuwa lundo la mikia. Hakuna aliyeweza kurusha mkuki, kwa kuwa nguruwe alifunikwa na mbwa. Mbwa wawili wa nyumba tofauti wakaanza kupigana wao kwa wao, mkuki mmoja ukamchoma mbwa wa jirani, na dume akapita katikati akaenda zake, akimwacha Hayakuhusu amefunguka ubavu. Baba alimshona kwa uzi wa gunia, lakini mbwa huyo hakufika asubuhi. Kesi ya yule mbwa wa jirani ilikaa kwa wazee muda mrefu kuliko kilio chetu.

Kwa hiyo jibu langu ni wanne kichakani. Katika mikorosho iliyopaliliwa, ambako mbwa anaona na ana pa kukwepea, sita si wengi. Hata hivyo msihesabu mbwa peke yao: kila mbwa awe na mtu wake katika msako, ambaye akimwita anarudi. Mbwa asiyemwitikia mtu yeyote abaki nyumbani hata kama ana meno ya simba. Msako uanze alfajiri, umande ukiwa bado chini, kwa sababu harufu hukaa na mbwa hawapati joto upesi.

Ngiri ana hesabu yake. Yeye hutembea mchana, na akifukuzwa huingia shimoni kinyumenyume, uso ukiangalia nje. Mbwa anayemfuata humo anakwenda kukutana na meno, basi mwiteni arudi.

Nyumba nyingi hapa hazili nyama hii, na wanaoila wana mabanda ya nguruwe wa kufuga. Hao wa mabanda nawasihi wasirudi na matumbo wala damu. Nguruwe pori na ngiri hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, lakini ikiingia bandani huweza kumaliza nguruwe wote. Na mbwa asiyechanjwa kichaa asiguse msako, kwa kuwa mwenye kushika majeraha yake ni mtoto wako.

Kabla hatujaanza, mama mmoja aliniuliza afanye nini yeye mwenye mbwa wawili tu na shamba la mihogo kando ya korongo. Mama, mbwa wako wawili wasiende kuwinda. Wafunge usiku, mmoja huku, mmoja kule, upande ambao upepo unatoka korongoni, na wewe ulale karibu na debe la kugonga.