Harufu ya Petroli Ndani ya Gari na Saa Inapojitokeza

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumze juu ya harufu ya petroli ndani ya gari, nami nitaanza na swali ambalo humuuliza kila mteja kabla sijafungua boneti: harufu hiyo huja wakati gani? Wengi hushangaa, kwa kuwa wamezoea kuulizwa gari ni la mwaka gani au limetembea kilomita ngapi. Hata hivyo petroli hainuki ovyo, na wakati unapoisikia harufu yake ndio unaomwonyesha fundi aanzie mbele, chini au nyuma ya gari.

Mama mmoja aliniletea gari dogo la Kijapani, la mkono wa pili kama yalivyo mengi tunayoendesha hapa Dar es Salaam, akieleza kwamba watoto wanashuka shuleni asubuhi wakilalamika vichwa vinawauma. Gereji aliyoanzia ilikwisha kumbadilishia oringi, yaani pete za mpira za kuzibia, za nozeli zote nne zinazonyunyiza petroli ndani ya injini, pamoja na mpira wa petroli unaoingia kwenye injini, na harufu ikabaki palepale. Nilipomuuliza swali langu alijibu bila kusita: "Nikijaza tanki, fundi. Ikishuka kufika nusu siisikii tena." Kwa jibu hilo sikuwa na sababu ya kugusa injini. Niliinua kiti cha nyuma, ambapo magari mengi ya aina hiyo huwa na kifuniko cha kufikia pampu iliyomo ndani ya tanki, nikakuta vumbi la miaka limekauka pande zote isipokuwa upande mmoja, ambako lilikuwa limelowa kwa umbo la mwezi mwandamo. Pampu ilikuwa imebadilishwa miezi michache nyuma, na aliyeirudisha alitumia oringi ya zamani, ambayo ilikuwa imevimba kwa petroli na kubanwa ikiwa imejikunja. Tanki likijaa, kila gari lilipopanda mlima au kukata kona, petroli ilifika pale na kupenya.

Harufu inayokuja mara tu injini ikiwashwa asubuhi, kisha ikapotea gari likipata moto, ni ya aina nyingine kabisa, nayo huonekana zaidi sehemu za baridi kama Njombe na Makambako mwezi Juni na Julai. Mpira uliozeeka hukakamaa kwa baridi na klempu yake ikalegea. Joto likipanda, mpira hulainika na kuziba tena, hivyo fundi anayeletewa gari saa sita mchana haoni chochote. Gari hilo lilazwe gereji. Likiwashwa alfajiri, fundi apitishe tochi kwenye kila maungio, akikumbuka kwamba mfumo wa kawaida wa nozeli husukuma petroli kwa mgandamizo wa takriban baa 3, na kwamba tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kurusha petroli juu ya ekzosi yenye moto.

Ikiwa unaisikia baada ya kuzima gari na kuliegesha juani, shuku kifuniko cha tanki ambacho mpira wake umepasuka, au kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tanki. Kopo hilo huharibiwa na tabia tuliyonayo sisi wenyewe pale kituo cha mafuta, ya kumwambia mhudumu aongeze hata baada ya bomba kujikata, ili fedha zitimie noti kamili. Petroli ya ziada hupanda hadi kwenye mkaa uliokusudiwa kupokea mvuke tu. Na ikiwa harufu inatoka nyuma kwenye ekzosi huku injini ikitetemeka, mara nyingi hakuna kinachovuja nje: plagi moja haichomi, au nozeli imebaki wazi. Hapo chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Oili ikinuka petroli na kipimo chake kimepanda, usiendelee kuliendesha, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi tena vyuma.

Kabla ya kufungua chochote, fahamuni kwamba petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwamba mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hushuka na kutuama. Ndiyo maana gari linalonuka petroli halipandishwi juu ya shimo la gereji. Fanyeni kazi hiyo nje, penye upepo, na kizima moto cha poda kiwe karibu. Boneti ifunguliwe na kuachwa kwanza, kisha ndipo waya wa betri ufunguliwe, maana cheche yake ndogo inatosha. Kabla ya waya huo kufunguliwa, mgandamizo huondolewa kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini iendelee mpaka ijizime yenyewe.

Katika kutengeneza, nina ugomvi wa siku nyingi na silikoni, ambayo petroli huivimbisha na kuibandua. Sabuni ya kipande inayosuguliwa kwenye tanki lililotoboka siidharau, kwani petroli haiyeyushi sabuni na imewafikisha wengi nyumbani. Ila mvua ikinyesha inayeyuka. Mpira wa maji nao haufai mahali pa mpira wa petroli, hata ukiingia vizuri.

Gari la yule mama lilihitaji oringi mpya tu, iliyokaa kwenye mfereji wake uliosafishwa. Nilijaza tanki mpaka bomba lilipojikata, nikafungua swichi mara tatu bila kuwasha injini ili pampu ijaze mfumo, nikalizungusha gari kwenye kilima chenye kona, kisha nikatandaza kitambaa cheupe kuzunguka kifuniko na kuliacha hadi asubuhi. Kitambaa kilitoka kikavu, bila harufu, na ndipo nikarudisha kiti.