Kupanga Usafiri Mkoani Dodoma: Tuanze na Safari za Watu

Waheshimiwa madiwani, ndugu maafisa mipango, habari za asubuhi.

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa huu una watu zaidi ya milioni 3, na takriban robo tu ndio wa Jiji. Lakini tukikaa kuzungumzia usafiri, tunaishia Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na katikati ya mji. Robo tatu waliobaki wako Bahi, Chemba, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Chamwino, na hao ndio wa kuanza nao.

Kuhesabu magari barabarani hakutoshi, kwa sababu aliyekosa gari hahesabiki. Ingieni kwenye kaya, mwulize kila mtu kuhusu jana yake: alikwenda wapi, kwa chombo gani, alisubiri muda gani, alilipa shilingi ngapi, alibeba nini au nani. Mama aulizwe peke yake. Baba akijibu kwa niaba ya nyumba nzima, safari za kisimani, mashine ya kusaga na kliniki hupotea kwenye fomu. Kisha ulizeni swali linalosahaulika mno: ni safari gani uliiacha, na kwa nini?

Fanyeni hivyo kiangazi na tena wakati wa mvua, siku ya mnada na siku ya kawaida. Siku ya mnada, mabasi madogo ya haisi na malori huja mpaka kijijini. Kesho yake hakuna kitu zaidi ya bodaboda. Kituo cha afya kikihamishia kliniki ya wajawazito siku hiyo ya mnada, nauli inapungua bila kujenga hata mita moja ya barabara, mradi wahudumu waongezwe siku hiyo.

Kipimo cha kilomita 2 kutoka nyumbani hadi barabara inayopitika mwaka mzima kinafaa, ila kipimeni kwa dakika. Kijana atatumia kama 25. Mzee wa mkongojo anaweza kutumia mara mbili yake.

Sasa makorongo, maana hapa ndipo fedha zetu zinapozama. Maji yakivuka drifti, yaani kivuko cha zege ambacho maji ya korongo hupita juu yake, hushuka kwa kishindo upande wa chini, yakachimba mchanga. Zege linabaki likining'inia, na lori la mahindi likipita, zege hilo linakatika. Dawa yake ni ukuta wa zege uliozamishwa ardhini kwenye ukingo wa chini, na mbele yake mawe yaliyofungwa kwa wavu wa waya. Wekeni pia nguzo za kupimia kina pande zote mbili: maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kulisukuma gari dogo.

Stendi nazo. Njia ya kiti mwendo iwe na mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 30 kunahitaji mita 3.6. Mara nyingi inajengwa vizuri, kisha inaishia kwenye mtaro usio na mfuniko, au bodaboda zinaegeshwa mdomoni mwake. Mleteni mtumiaji wa kiti mwendo aipite kabla mkandarasi hajalipwa.

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024. Abiria wa Chemba au Kondoa akishuka usiku akakosa gari, gharama ya kulala inameza faida ya mwendo kasi. Kaeni na wenye mabasi na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ratiba ya njia hizo ifuate saa za treni, na muda wa kutoka stesheni uhesabiwe kwa mwendo wa mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi.